Zawadi za Kumtoa Mwalimu Nje

Mwalimu Reginald hakuangushwa na mlima. Watu wa Gehandu hupenda kulisema hilo mapema, hata kabla hujauliza, maana mlima Hanang wanauheshimu na hawataki usingiziwe. Mwaka hadi mwaka alipanda mlima ule na wanafunzi wake, akalala huko juu kwenye baridi ya kukata masikio, akashuka na magoti yake yote mawili. Kilichomwangusha ni bodaboda, tena kwenye barabara tambarare, mchana kweupe, akitoka Katesh kununua chaki. Mfupa wa chini ya goti ukavunjika, akafungwa hogo mguu mzima, wanafunzi wakaandika majina yao juu ya plasta mpaka nafasi ikaisha.

Lakini habari hii ni ya mke wake zaidi kuliko yake. Filomena Margwe ni nesi wa zahanati, mzaliwa wa Tlawi kule juu Mbulu, mwanamke mwenye mikono myepesi na subira fupi. Ukimpelekea mtoto wako atapona, ila wewe mzazi utasemwa mpaka ujute kuzaa. Kina mama wanamwogopa na wanampenda kwa pamoja, ndiyo maana kijiji kile kina akina Filomena wadogo wengi kuliko kawaida.

Mumewe ni mtu wa Muleba, Kagera, aliyeletwa huku na ajira ya ualimu wa jiografia akiwa kijana. Wenzake wengi wakipangiwa huku huanza kutafuta uhamisho kabla hawajafungua begi. Yeye alifungua begi, akatazama mlima, akavaa viatu akaenda kuutazama kwa karibu. Tangu hapo kila Jumamosi alikuwa njiani, mara na wanafunzi, mara peke yake, akikatiza mbuga mpaka kwa wafugaji, akirudi jioni na mifuko imejaa mawe na majani. Filomena akifua suruali zile alikuwa anayamwaga mawe nje ya mlango huku akisonya.

"Baba Frida, huko porini umeacha nini?" alikuwa anamuuliza. Frida ni binti yao, anasoma shule ya bweni. Kwao Tlawi mtu hupanda kilima akiwa na sababu: kuni, maji, shule, au ndama kapotea. Kutembea bure bure alikuona ni ugonjwa wa waliosoma sana. Lakini Reginald akishika kijiko tu, anaanza kusimulia alichokiona, ndege gani, korongo gani limepasuka, mzee gani kamwambia nini, na Filomena anajikuta amesahau kula. Hakuwahi kumwambia, ila ni masimulizi yale yaliyomfanya akubali kuolewa na mtu wa mbali vile.

Basi hogo likatolewa. Reginald akajaribu kwenda shule kwa miguu yake mwenyewe, akaanguka getini mbele ya kidato cha tatu. Wangecheka ingekuwa nafuu. Hawakucheka. Walimkimbilia wote, wakamnyanyua kama wanavyonyanyua dawati, wakampangusa vumbi la suruali kwa adabu kubwa. Kuanzia siku hiyo akawa anapelekwa darasani na pikipiki, anarudishwa na pikipiki, anakaa kwenye kochi la dirishani, basi. Daktari alishasema mfupa umeunga, atembee. Filomena mwenyewe alikuwa anaubonyeza kila jioni na kuuona umeunga. Mguu ulikuwa mzima. Mwenye mguu ndiye hakuwa mzima, na miezi ikawa inakwenda.

Siku moja Filomena akarudi kutoka zahanati akamkuta mumewe anapaka rangi buti zake za mlimani, buti nzito za mtumba alizozitafuta Arusha mpaka akazipata. Moyo ukamruka kwa furaha. Akaweka mkoba chini taratibu, kama mtu anayeogopa kumfukuza ndege.

"Unakwenda wapi, Baba Frida?"

"Siendi popote. Nazisafisha nimpe Basili. Safari ya mlimani mwezi wa tisa ataongoza yeye."

Basili ni mwalimu wa michezo, kijana mwenye mapafu ya punda, na hana ubaya wowote. Filomena alikwenda jikoni akasimama mbele ya sufuria tupu, akalia. Nimesema ana subira fupi, sikusema hana moyo. Alijua kwamba buti zile zikishatoka mlangoni miguuni mwa mtu mwingine, mume wake hatatoka tena. Atakaa dirishani pale akitazama mlima mpaka mvi zimjae, na masimulizi yamekwisha. Akajipangusa macho, akarudi sebuleni, akamwomba asubiri kwanza mwezi uishe. Reginald akakubali, maana kukubali kulikuwa rahisi kuliko kubishana.

Kesho yake Filomena akamweleza Fabiola, mhudumu mwenzake pale zahanati, ambaye simu yake haimtoki mkononi hata akipima watoto uzito.

"Mpe zawadi," Fabiola akasema. "Wapenda milima wana vitu vyao. Ukimpa kitu cha safari, mwili wenyewe utaidai safari." Akampekulia simuni. Kulikuwa na fimbo za kukunja kama mwavuli, na mabegi yenye mrija wa kunyonyea maji, na makoti mepesi yasiyopitisha upepo, kila kimoja bei ya ndama aliyenona.

"Mimi nesi wa kijijini, Fabiola. Sijawa balozi."

"Nenda mnadani basi. Mnadani hakikosekani kitu."

Mnada wa Katesh ukikolea, kweli hakikosekani kitu. Ng'ombe wanauzwa upande huu, upande ule kuna sufuria, mashuka, viatu vya matairi, redio, vibuyu, dawa za panya, na mahubiri. Filomena akazunguka vumbini mpaka akapata tochi ya kuvaa kichwani, ya bei ya kuku, yenye mkanda mwekundu. Reginald akaipokea kwa shukrani nyingi. Usiku huohuo umeme ulipokatika akaivaa akasahihisha mitihani ya darasa zima bila kuinuka kochini.

"Tochi nzuri sana hii, Mama Frida. Zamani umeme ukikatika nilikuwa natoka kwenda kuangalia nyota. Sasa sina haja."

Wiki iliyofuata Filomena akamletea shuka zito la wafugaji, lile la kujitanda alfajiri porini. Reginald akajitanda nalo kochini mpaka mabegani, akasema upepo wa dirishani sasa haumsumbui. Akamletea chupa ya chai ya kubeba safarini, isiyopoa kuanzia asubuhi mpaka jioni. Reginald akaiweka miguuni pake, na kwa kuwa chai haipoi, hata jikoni akaacha kwenda. Akamwendea Mama Restituta wa kwaya, anayefuma sufu, akafumiwa soksi nene za kuvaliwa ndani ya buti. Reginald akalala nazo. Kofia pana ya jua ndiyo iliyomchosha Filomena kabisa: siku moja aliingia ndani akaikuta imetundikwa dirishani, kwa sababu mchana jua lilikuwa linampiga mwalimu machoni akiwa amekaa.

Fabiola alicheka mpaka akashika meza. "Nesi, kwa mwendo huu mwisho utamnunulia hema alale humo sebuleni."

Na mimi nacheka ninavyosimulia, lakini yeye hakuwa anacheka. Kila zawadi ya kumtoa nje ilikuwa imemzidisha kukaa ndani. Alikuwa amemjengea kiota kwa mikono yake mwenyewe, na mwezi ulikuwa unaishia.

Akaomba ruhusa akapanda magari kwenda Tlawi kumwona mama yake, Bibi Justina. Ukitoka Gehandu na joto lake, ukifika Tlawi unatafuta sweta. Akamkuta mama yake amekaa jikoni anapukuchua mahindi, na juu ya moto, kwenye fito za paa, kulikuwa na fimbo kadhaa zimelazwa zinakula moshi. Zilikuwa za kaka yake, Vicent. Yeye hukata mti wa mzeituni pori, akaulaza kwenye jivu la moto ili unyooke, akaupaka mafuta ya kondoo, kisha akauacha juu ya moshi mpaka uwe mweusi na mgumu. Hakuna anayemharakisha.

Filomena alipoziona akakumbuka kitu ambacho hakuwa amekiwaza tangu alipokuwa msichana. Baba yake, mzee Margwe, aliwahi kuugua mapafu nusura afe. Nyumbani kwao mwanaume akiugua vile, fimbo yake huchomekwa juu kwenye paa, na haiguswi. Siku mzee alipoweza kusimama, mama aliishusha ile fimbo, akaipangusa masizi kwa upande wa khanga, akaenda kusimama nje kando ya mlango. Baba akatoka. Mama akamtia fimbo mkononi. Hakuna aliyesema neno, na baba akaenda moja kwa moja kuangalia ng'ombe wake. Filomena alikuwa ameshika mtungi wa maji siku ile, na alielewa bila kuambiwa kwamba baba amepona.

"Vicent, nataka fimbo moja," akamwambia kaka yake alipoingia. "Ya shemeji yako."

"Amepona?"

"Mguu umeunga vizuri kabisa."

"Sikuuliza mguu. Fimbo haipewi mgonjwa, unajua."

Filomena akatazama moto. "Amepona," akasema, na ulikuwa uongo, ila ulikuwa uongo wa mtu anayeomba. Vicent akamtazama, asimwulize tena, akamchagulia iliyonyooka kuliko zote. Hakutaka kusikia habari ya malipo. Mama yake akaongeza jambo moja tu, bila kuinua macho kwenye mahindi.

"Mpe akiwa amesimama. Na mpe nje."

Sasa hapo ndipo Filomena alipoharibu. Alisafiri kutwa nzima na ile fimbo magotini, ikimgonga kondakta, ikimchoma abiria wa mbele, na kila kona alikuwa anawaza mume wake atakavyoipokea. Alipofika nyumbani hakuwa na subira iliyobaki. Akaingia na vumbi lake, akamkuta Reginald kochini, shuka mabegani, soksi miguuni, chupa ya chai pembeni. Angemwita nje. Angesubiri hata asubuhi. Yeye akanyoosha mkono akamlazia fimbo mapajani, huku anatabasamu kwa uchovu.

Reginald akaitazama muda mrefu. Akaishika kama mtu anayeshika nyoka aliyekufa.

"Mkongojo," akasema.

"Si mkongojo, ni..."

"Baba yangu alipewa fimbo na watoto wake, Mama Frida. Nilikuwepo, na mimi nilichangia. Tulimpa akiwa amekaa hivi hivi, akashukuru, na hakuinuka tena kwenda shambani." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nilidhani ni mimi tu ninayejiona hivyo. Kumbe na wewe."

Filomena angeweza kumweleza. Alifungua mdomo kabisa. Lakini jambo lile kwao halisemwi, linafanywa, na alikuwa amelifanya vibaya, ndani ya nyumba, kwa mtu aliyekaa. Aibu ikamkaba, na Filomena akikabwa na aibu hutoa hasira. Akaichukua fimbo akaisimamisha nyuma ya mlango kwa kishindo. Akiwa chumbani akamsikia mumewe anapiga simu. "Basili, njoo kesho uchukue buti."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Baada ya chakula cha mchana, walichokula bila kusimuliana kitu, Filomena alisimama, akajifunga kitenge, akaichukua ile fimbo nyuma ya mlango.

"Unakwenda wapi nayo?"

"Kutembea. Mwenye nayo haitaki."

Akatoka. Hakuwa na mpango wowote zaidi ya kutomwona Basili akibeba zile buti. Akapita nyumba za mwisho za kijiji, akashika njia ya mbugani ambayo Reginald alikuwa anaisimulia kila mara, na akiwa njiani ndipo alipogundua kwamba kwa miaka yote hiyo hajawahi kuikanyaga. Aliijua kwa masikio tu. Hapa ndipo penye korongo. Pale ndipo penye mawe meupe, yamelala kama mbuzi wanaocheua. Upepo ulikuwa unapita kwenye nyasi kavu na mlima ulikuwa umesimama mbele yake wote, bila wingu hata moja. Kila alipochoma fimbo chini, hatua iliyofuata ilikuwa nyepesi kidogo. Akafika kwenye mawe akakaa. Hasira ilikuwa imeisha njiani, hakujua wapi. Alibaki na huzuni tu, na katikati ya huzuni ile akaona kwamba hapa ni pazuri, na kwamba alikuwa anamcheka mume wake kwa kitu ambacho hajawahi kukionja.

Wakati wa kurudi akakutana na mzee Lukasi Gidamis akichunga, mfugaji ambaye boma lake liko mbele ya mawe yale. Huyu na Reginald walikuwa marafiki wa njiani, wanaweza kusimama wakaongea habari za mvua mpaka ng'ombe wakachoka kusubiri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," mzee akasema, polepole mno. Akaitazama ile fimbo ya kiume mkononi mwa Filomena. Akavua kofia. Kisha akawaondoa ng'ombe wake wote njiani, mmoja mmoja, mpaka kwenye miiba, ili Filomena apite. Filomena akaona ni heshima kubwa sana kwa nesi, akashukuru akapita. Mbele kidogo, kwenye bwawa, kulikuwa na kina mama wanachota maji. Nao walinyamaza alipokaribia. Mmoja akajifunika kichwa kwa shuka. Filomena akawasalimia, wakaitikia chini chini, naye akawaza kwamba leo watu wamechoka na jua.

Tlawi ni Tlawi na mbugani ni mbugani. Kwa wafugaji wa upande ule wa kijiji, mke hashiki fimbo ya mume wake njiani isipokuwa siku moja, siku anayoipeleka kwa ndugu za marehemu. Na jambo kama hilo mtu haliulizi. Mfiwa hahojiwi njiani. Unaacha ulichokuwa unafanya, unajifunika, unakwenda kukaa uani kwake. Filomena amezalisha nusu ya kitongoji kile, lakini kuzalisha hakukufundishi mambo ya kuzika.

Alizunguka kwa upande wa shule ili achelewe kufika. Alipotokea nyuma ya nyumba yake akaona uani kumejaa watu. Kina mama walikuwa wamekaa chini, vichwa vimefunikwa. Bibi Sara, mke wa mzee Lukasi, alikuwa ameweka mbele yake kibuyu cha maziwa na analia polepole, kilio cha mtu anayejua kulia. Wanaume walisimama kando ya uzio na fimbo zao chini. Na Basili alikuwa ndiyo kwanza anatoka mlangoni na buti mkononi. Wale waliokuwa bado na shaka walipoona viatu vya mwalimu vimeanza kugawiwa, shaka ikaisha, kilio kikapanda.

Filomena alikufa ganzi. Akaishikilia fimbo kwa mikono miwili. Mara ya mwisho alimwacha Reginald kochini akiwa hai, na neno la mwisho alilomwambia lilikuwa la hasira.

Ndipo mlango ukafunguka tena. Reginald akatoka, shuka bega moja, soksi miguuni, amesawijika. Hakushika ukuta. Hakushika mlango. Alishuka ngazi zile tatu za saruji ambazo kwa miezi alikuwa anazishuka kwa makalio, akasimama katikati ya uwanja.

"Nini? Mke wangu amepatwa na nini?"

Kilio kikakatika. Kina mama wakafunua vichwa. Bibi Sara akamtazama kuanzia soksi mpaka nywele, kisha akamtazama Basili na zile buti, kisha akaona aibu akatazama kibuyu chake. Mbwa wa jirani alisikika akijikuna.

Mzee Lukasi ndiye aliyepata sauti kwanza. "Mwalimu," akasema, "tumekuja kukuzika."

"Mimi?"

"Tulimwona nesi na fimbo yako njiani. Kwetu hilo linatosha." Mzee akasogea mbele, anakunja kofia yake mikononi. "Nisamehe. Ningeuliza. Lakini nilipomwona wala sikushangaa. Wewe ni mtu wa kutembea, na hatujakuona tangu mvua za mwanzo. Nikasema moyoni, kumbe ndiyo maana."

Hakuna kilichokuwa kimempata Reginald kama maneno yale. Filomena alimwona yakimwingia. Alisimama tu pale uani, watu waliomlilia wamemzunguka, na macho yakamjaa. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na Filomena akadhani analia. Alikuwa anacheka. Bibi Sara akadakia kwa kicheko chake cha bila meno, na baada ya hapo uwanja mzima ukaanguka. Mama mmoja alicheka akalala chini kabisa. Hata Basili alicheka, ameshika buti za marehemu.

Reginald akageuka akamwona mkewe kwenye kona ya nyumba. Kicheko kikamtulia usoni taratibu. Akamwendea, hatua zenye kuchechemea, akasimama mbele yake. Akanyoosha mkono.

Walikuwa nje. Alikuwa amesimama. Filomena akaipangusa ile fimbo vumbi kwa upande wa kitenge, akamtia mkononi, na hakusema neno.

"Basili," Reginald akasema bila kugeuka, "lete buti zangu. Wageni hawa wametoka mbali. Haifai waondoke bila kusindikizwa."

Mtu humsindikiza mgeni mpaka kwenye uzio, au akimpenda sana mpaka njia panda. Reginald alipita uzio. Akapita njia panda. Walikwenda wote kwa mwendo wa mguu wake, mzee Lukasi upande huu, Bibi Sara na kibuyu kitupu upande ule, maana maziwa ya msiba yalikuwa yameshanywewa kwa furaha. Filomena akabaki anawatazama mpaka wakawa wadogo. Kisha akaingia ndani, akakalia lile kochi kwa mara ya kwanza, akajimiminia chai. Ilikuwa bado ya moto.

Reginald alirudi jua linazama, anachechemea vibaya, vumbi mpaka magotini. Hakuingia ndani. Aliketi kwenye ngazi, akavua buti, akainyoosha miguu. Filomena akatoka akaketi kando yake, akaubonyeza mguu kwa mazoea. Ulikuwa umevimba kidogo, si vibaya. Na wakati anaubonyeza Reginald akaanza kusimulia, jinsi korongo lilivyopanuka, ndege aliyemwona bwawani, ndama mwenye baka la ajabu bomani kwa Lukasi. Filomena alikuwa anasikiliza huku machozi yanamtoka, na hakujisumbua kuyaficha.

"Mzee Lukasi amenieleza kwao fimbo ya mume ikishikwa na mke maana yake nini," Reginald akasema mwishoni. "Na kwenu? Mke akimpa mume fimbo?"

"Kwetu haisemwi."

"Mimi mtu wa Muleba, mwenzio. Nisipoambiwa sielewi. Jana umeona."

Filomena akaondoa mikono mguuni. "Maana yake umepona," akasema.

Reginald akajifuta macho kwa ncha ya shuka, akaisogeza fimbo, akaiegemeza ukutani nje, kando ya mlango, mahali ambapo mtu anayetoka asubuhi atakutana nayo. Kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa jiwe dogo jeupe, akamwekea kiganjani.

"Zawadi yako. Lukasi ameniambia ulifika mpaka pale kwenye mawe. Miaka yote nilikuwa natamani ufike."

Jiwe lilikuwa na joto la mfuko. Filomena, ambaye alikuwa amemwaga mawe ya namna ile mlangoni kwake kwa miaka, alilizungusha mkononi, akalifunga kwenye pindo la kitenge.

"Jumamosi ijayo," Reginald akasema, "twende wote."

"Mimi nina raba za kliniki tu."

"Zinatosha. Soksi nitakuazima zangu."